Gundi ya betri: habari ya simu ambayo wengi mmeipita (uzi mrefu)

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi iliyopita nilikaa karibu saa nzima kwenye benchi la fundi pale Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, nikitazama simu ya mama mkubwa ikifunguliwa. Simu ina miaka mitatu. Kioo kizima, kamera safi, chaji inaingia vizuri. Ila mgongo ulikuwa umeanza kujiinua upande mmoja kama mkate uliotiwa hamira. Mwenyewe alidhani kifuniko kimelegea, akawa anakibana kwa mpira wa kufungia noti. Nilipoiona nikamwomba aizime palepale. Betri ilikuwa imevimba.

Fundi aliilaza kwenye sahani ya moto, akaiacha hadi gundi ilegee. Kisha akachukua kadi nyembamba ya plastiki, akaanza kuipitisha ukingoni taratibu ili mgongo usipasuke. Mgongo ukatoka. Ndani, betri ilikuwa imenata kwenye fremu kama kiraka cha baiskeli. Akachukua bomba la sindano, akadondosha spiriti pembeni mwa betri, akasubiri, akasukuma kadi, akasubiri tena. Betri iliyovimba hulazimishi: ukiitoboa inawaka moto mkononi. Feni ilikuwa juu ya kichwa chake na bado jasho lilikuwa linamdondoka. Dakika arobaini zikaisha kwa kutoa kitu ambacho kwenye Nokia 1100 tulikuwa tunakitoa kwa kucha, umesimama kwenye daladala.

Sasa niwape habari yenyewe. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha Kanuni namba 2023/1542 kuhusu betri. Kuanzia tarehe 18 Februari 2027, kifaa chenye betri ndogo kikiingizwa sokoni kwao, mtumiaji wa kawaida lazima aweze kuitoa na kuibadilisha mwenyewe, kwa zana zinazopatikana madukani. Kama inahitaji zana ya pekee, kampuni iitoe bure pamoja na kifaa. Halafu kuna sehemu iliyonifanya nirudie kusoma mara mbili: ni marufuku kifaa kuhitaji joto au viyeyusho ili kifunguke. Sahani ya moto na spiriti, vilevile viwili nilivyovikuta mezani Aggrey, vimeandikwa kwenye sheria ya Brussels. Na betri za akiba ziendelee kuuzwa kwa miaka isiyopungua 5 baada ya modeli kuondoka sokoni.

Najua kuna atakayesema Ulaya ni Ulaya, sisi inatuhusu nini. Inatuhusu sana. Simu nyingi tunazonunua zimeishi maisha ya kwanza Ulaya, Marekani au Dubai, zikaletwa hapa kuishi la pili na la tatu. Na hata mpya, kampuni kubwa haipendi kutengeneza miili miwili ya simu moja. Kumbukeni chaja. Ulaya ilipoamua kwamba simu zote zitumie USB-C kufikia tarehe 28 Desemba 2024, Apple waliiacha tundu yao ya pekee ya Lightning tangu iPhone 15 ya Septemba 2023, na waliiacha dunia nzima. Leo ukiazima chaja ofisini huulizi tena ya nani. Hilo halikutokana na huruma ya kampuni yoyote.

Wanachojitetea nacho kila mara ni maji. Wanasema simu isiyoingia maji lazima ifungwe kwa gundi. Mwaka 2014 Samsung waliuza Galaxy S5. Mgongo unatoka kwa kucha, betri unaibadilisha mwenyewe, na ina kiwango cha IP67, yaani inahimili kuzamishwa mita moja kwa nusu saa. Mwaka 2022 haohao wakatoa XCover6 Pro, betri inatoka na kiwango ni IP68. Kwa hiyo wanajua namna. Waliamua kuacha.

Kwa nini waliacha? Maoni yangu ni haya, na nayashikilia: betri ndiyo saa ya kengele ya biashara yao. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba programu yao ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Kelele zilipozidi wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka mzima wa 2018. Januari 2019 Tim Cook, mkurugenzi mkuu wa Apple, akawaandikia wawekezaji kuwaeleza kwa nini mapato yalikuwa chini ya walivyotarajia, na kati ya sababu alizotaja ni kwamba wateja walibadilisha betri kwa bei ile nafuu. Someni tena hapo. Mtu akipata betri mpya, hahitaji simu mpya. Mkurugenzi mwenyewe aliliandika.

Mama mkubwa alilipa elfu 35 ya betri na elfu 15 ya ufundi. Simu inakaa na chaji hadi usiku. Alikuwa ameshaanza kukusanya laki tatu za simu mpya.

Karibuni tujadili. Nitaendelea kadiri maswali yanavyokuja.

#2 Mdau wa Mbeya

Mkuu, uzi mzuri, ila mimi naona kama unaturudisha nyuma. Zile simu za kutoa mgongo zilikuwa nene, na ikidondoka vinatawanyika vitu vitatu: mgongo, betri na simu. Sasa hivi kuna simu za Kichina zina betri ya 7000 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa) na nyembamba vilevile. Natumia moja, nachaji jioni, naikuta kesho kutwa asubuhi bado inapumua. Si bora betri kubwa kuliko betri ya kutoa?

#3 Mwanzisha uzi

Mkuu wa Mbeya, swali lako ni zuri na nitakaa nalo kidogo, maana hii teknolojia nayo ni habari kubwa.

Betri za lithiamu tulizozizoea, upande wake hasi umetengenezwa kwa grafaiti, ndugu yake ile ya kwenye penseli. Silikoni ina uwezo wa kushika lithiamu nyingi zaidi kwa uzito uleule, ndiyo maana wakiichanganya na kaboni wanapata betri nyembamba yenye chaji nyingi. Honor waliileta kwenye Magic5 Pro ya China mwaka 2023, na baada yao kampuni nyingi za China zikafuata. OnePlus 15 ya 2025 imefika 7300 mAh. Samsung kwenye S25 Ultra ya mwaka huohuo bado wapo 5000 mAh, palepale walipokuwa tangu S20 Ultra ya 2020.

Shida ya silikoni ni kwamba ikijaa chaji inatanuka, na ikiwa peke yake inaweza kufika mara tatu ya ukubwa wake. Ikiisha chaji inasinyaa. Kila siku hivyo. Wahandisi wanapambana kwa kuichanganya kidogokidogo na kaboni na kuiachia nafasi ya kupumua. Mimi sisemi ni mbovu. Ninachosema ni kwamba simu ya namna hiyo bado changa, hatujaziona nyingi zikiwa na miaka mitano mfukoni mwa mtu, kwenye joto la Dar au la Mombasa.

Nadhani Samsung wanaogopa, na wana sababu. Mwaka 2016 Galaxy Note 7 ziliwaka moto, wakarudisha simu takriban milioni 2.5, wakabadilisha betri kwa mtengenezaji mwingine, zikawaka tena, hadi Oktoba wakafuta modeli nzima. Kampuni iliyopitia hayo haikimbilii betri mpya.

Lakini turudi kwenye hoja yako. Betri kubwa na betri ya kutoa hazigombani. Betri ya 7000 nayo ina siku zake. Ikivimba ikiwa imegundishwa, shida ni ileile. Kuhusu unene, sheria haikusema mgongo utoke kwa kucha. Skrubu mbili tatu na bisibisi ya dukani zinatosha. Fairphone wa Amsterdam, wanaouza simu tangu 2013, wanafanya hivyo: ukiwa na bisibisi moja unabadilisha betri, kioo, kamera, hata tundu ya chaji. Fairphone 5 ya 2023 ina hayo yote na bado inavumilia mvua. Ni kampuni ndogo mno, simu zao huku ni adimu, ila wamewaziba midomo wakubwa.

#4 Fundi, Luthuli Avenue, Nairobi

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni fundi hapa Luthuli, kazi hii naifanya tangu enzi za BL-5C, ile betri ya Nokia ambayo mpaka leo utaipata ndani ya redio na spika ndogo. Simu zilikufa, betri yake ikabaki, kwa sababu kila mtu aliweza kuitumia.

Nakubaliana na mwenye uzi lakini ameacha jambo linalotuumiza sisi mafundi zaidi ya gundi. Gundi mimi nitaishinda, nina mikono. Kile siwezi kushinda ni spea iliyofungwa kwa programu. Mteja analeta iPhone mbili za modeli moja, moja imekufa bodi na nyingine imevunjika skrini. Natoa skrini ya Apple kwenye ile iliyokufa, naiweka kwenye nzima. Ni skrini ya kampuni, hakuna kopi hapo. Simu inakataa kuitambua, inaleta ujumbe kwamba skrini haijulikani, na rangi hazijirekebishi tena kulingana na mwanga. Mteja ananitazama kama mwizi. Nitamwelezaje?

iPhone 13 ilipotoka 2021 ilikuwa mbaya zaidi: badilisha skrini, Face ID (kufungua simu kwa uso) inakufa. Ilibidi mtu ahamishe chipu ndogo sana chini ya hadubini. Watu walipiga kelele dunia nzima, Novemba mwaka huo Apple wakasema wataondoa hilo kwa programu. Kwa hivyo ni programu tu. Waliweka kwa kubonyeza, wakatoa kwa kubonyeza.

Huko Marekani jimbo la Oregon lilipitisha sheria 2024 ya kukataza kufunga spea namna hiyo. Na kuanzia iOS 18, mfumo wa iPhone wa 2024, Apple wameweka njia ya kuruhusu spea halali zilizotumika zitambuliwe ndani ya simu yenyewe. Imesaidia. Mtu atafute habari hizo aziweke hapa, sio kila siku kamera kamera.

#5 Mwanzisha uzi

Fundi wangu, asante sana. Umeleta neno la mtu aliyeshika bisibisi na nimejifunza. Nilipanga kuligusa hilo lakini usingelisikia kwangu namna hii.

Nami niongeze upande wa pili wa habari, maana nisingependa watu waondoke hapa wakidhani mwaka 2027 mbingu zitafunguka. Kwenye sheria kuna mlango wa pembeni. Kwa simu na tableti Ulaya wana kanuni nyingine, namba 2023/1670, iliyoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025. Hiyo inasema betri inaweza kuendelea kubadilishwa na mafundi peke yao endapo itatimiza mambo matatu: baada ya mizunguko 500 ya chaji (kujaa na kuisha) ibaki na asilimia 83 ya uwezo wake, baada ya mizunguko 1000 ibaki na asilimia 80, na simu ihimili vumbi na maji ya mita moja kwa nusu saa. Simu za bei ya juu zinapita mlango huo bila kuinama. Apple mapema 2024 walishasema betri za iPhone 15 zimeundwa kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 1000, wakati za nyuma walikuwa wanataja 500.

Kwa hiyo simu ghali zitatimiza sheria kwa betri ngumu, na wenye simu za bei ya chini ndio watakaoona skrubu zikirudi. Kwangu si vibaya. Sisi wengi tunanunua za bei ya chini.

Kanuni hiyohiyo ina mambo ambayo hayatajwi na wale wanaofungua maboksi ya simu kwenye video. Vipuri vipatikane kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, na mafundi wavipate, wala si vituo vya kampuni pekee. Masasisho ya mfumo yaendelee miaka isiyopungua 5 tangu modeli iache kuuzwa. Na kwa kanuni dada, namba 2023/1669, boksi libebe lebo inayoonyesha betri inamaliza mizunguko mingapi na simu inatengenezeka kwa daraja gani, kuanzia A hadi E. Ukikutana na simu mpya yenye lebo hiyo kutoka Ulaya, usiibandue. Isome kabla hata ya kuwasha simu.

Wakubwa nao wameanza kusogea. iPhone 16 ya 2024 gundi ya betri yake inaachia kwa umeme: unaunganisha betri ndogo ya volti 9, ile ya mraba ya kwenye kipima umeme, unasubiri kama dakika moja na nusu, gundi inaachia yenyewe. Hakuna moto, hakuna spiriti. Kwenye iPhone 17 Pro betri imekaa kwenye sinia la chuma lililofungwa kwa skrubu. Nilipoona picha za ndani za ile simu nilimtumia fundi wa Aggrey usiku uleule. Akajibu neno moja: "Hatimaye."

#6 Mdau aliyeko Maskati

Assalaam alaykum wana ukumbi. Mie niko Oman, huwa natuma simu nyumbani Unguja kwa jamaa na marafiki. Nataka kuwatahadharisha jambo moja kuhusu iPhone 17 za huku Ghuba. Hazina tundu ya kadi ya simu kabisa. Ni eSIM tupu, yaani laini ya ndani ya simu isiyo na kadi. Nilimtumia mdogo wangu moja, alipoipokea akanipigia kwa simu ya jirani, ananiuliza kaka kadi naitia wapi. Nami nilikuwa sijui, nilizoea kwamba za Marekani ndizo zilizo hivyo. Mwenye uzi atueleze, hii nayo ni katika hayo unayoyasema?

#7 Mwanzisha uzi

Waalaykum salaam shekhe. Pole kwa usumbufu na asante kwa tahadhari, maana hili litawakuta wengi.

Apple walianza na iPhone 14 za Marekani mwaka 2022. Kwenye iPhone 17 ya Septemba 2025 wakapanua: Marekani, Kanada, Meksiko, Japani, na kwa upande wenu Oman, Falme za Kiarabu, Saudi Arabia, Qatar, Kuwait na Bahrain. Hizo zote hazina sinia la laini. Na iPhone Air haina popote duniani. Kwenye 17 Pro nafasi iliyoachwa na sinia wameipa betri, ndiyo maana zile za eSIM tupu zina betri kubwa kidogo kuliko zenye tundu. Hilo ni la haki kulisema.

Sasa hebu tufikirie matumizi yetu. Kariakoo mzigo mkubwa wa simu unapita Dubai. Mtu atanunua 17 kwa mamilioni, afike nyumbani na laini zake mbili za kadi, aanze safari za dukani kwa mtandao wake na kitambulisho mkononi. Ikiharibika Ijumaa usiku, huchomoi laini ukaipachika kwenye kiswaswadu ili M-Pesa iendelee kupokea. Kwa mwenye biashara hiyo ni siku ya mauzo imepotea. Simu yenye tundu inampa mtu uhuru mdogo ambao hauonekani mpaka siku utakapouhitaji.

Ndiyo, shekhe, kwangu ni jambo lilelile: kitu ambacho mwenye simu alikuwa anakifanya kwa mkono wake sasa lazima apite kwa mtu mwingine. Kabla ya kumtumia mtu mwingine, ulizia mtandao anaoutumia kama unatoa eSIM na utaratibu wa kuihamisha simu ikifa. Na muuzaji akikwambia "ni 17 hiihii, zote sawa", mwombe akuonyeshe ubavu wa simu.

#8 Mdau

Mnaongelea simu tu. Na laptopu je? Mimi nimenunua laptopu ya mtumba kwa laki nne na nusu, muuzaji kanihakikishia ina kila kitu, nimefika nayo nyumbani inanionya kwamba Windows 10 haipati tena masasisho na kwamba haiwezi kupanda 11. Nimerudi dukani wananiambia hiyo si kasoro. Nimeumia sana maana ni ya kazi.

#9 Mwanzisha uzi

Pole sana ndugu. Hilo duka limekutendea visivyo, maana walipaswa kukwambia kabla hujatoa hela.

Microsoft walisitisha Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inahitaji chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu isipokuwa chache sana. Mashine za kizazi cha 6 na cha 7 zimejaa madukani kwetu, maana ofisi za Ulaya na Marekani zinazitoa kwa wingi. Ni imara, zinafungua kila kitu, na zimeachwa kwa mstari uliochorwa kwenye karatasi. Hapa sitetei kampuni. Mashine inayofanya kazi kuambiwa imekwisha ni upotevu.

Ila usiitupe. Njia ya kwanza: kuna mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, unajiunga bila malipo endapo utaruhusu nakala ya mipangilio yako iwekwe kwenye akaunti ya Microsoft, au unalipa dola 30. Njia ya pili, weka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Kazi za kuandika, barua pepe, intaneti na hesabu za duka utazifanya bila shida, na mashine itakuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa.

Na kwa yeyote anayetaka kununua sasa: tazama jina la prosesa. Ukiona i5-7200U au i5-6300U, hiyo ni 7 na 6. Unataka inayoanza na 8, kama i5-8250U au 8350U. Mimi hadi leo nampendekezea mtu ThinkPad T480 ya 2018. Inapokea Windows 11, na nyuma ina betri ya kubofya na kuvuta, huku nyingine ndogo iko ndani. Umeme ukikatika unachomoa ya nje na kupachika nyingine iliyojaa, kazi inaendelea bila kuzima mashine. T490 iliyofuata haina hiyo. Mashine mpya ikanyang'anywa kitu kizuri ambacho ya zamani ilikuwa nacho.

Lingine la haraka, kama unafikiria kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, usisubiri kwa matumaini kwamba bei itashuka. RAM ya dunia inatoka hasa kwa kampuni tatu: Samsung, SK Hynix na Micron. Zote zinawahudumia kwanza wenye vituo vya data vya akili mnemba, maana ndiko kwenye fedha. Tarehe 3 Desemba 2025 Micron walitangaza kwamba wanaifunga Crucial, chapa yao ya RAM na diski za watu wa kawaida iliyokuwepo tangu 1996. Hiyo iliniuma, RAM ya kwanza niliyowahi kupachika kwa mkono wangu ilikuwa ya Crucial. Kumbukumbu hizo ndizo zinazoingia kwenye simu pia, kwa hiyo tutarajie simu za bei ya chini zipande bei au zipunguzwe RAM. Ukiwa na kifaa kizima mkononi, huu ni wakati wa kukitunza.

#10 Fundi, Luthuli Avenue, Nairobi

Naunga mkono hilo la T480. Nimeuza nyingi na hazijarudi na malalamiko.

Ndugu wa laptopu, kabla ya kuweka Linux hifadhi faili zako kwenye diski ya nje. Nimeona watu wakilia hapa kwa meza yangu.

#11 Mdau, mwanachuo Dodoma

Kaka mwanzisha uzi shikamoo. Nimefuatilia tangu mwanzo. Mimi nina laki nne, nataka simu ya kusomea itakayonifikisha nimalize chuo na zaidi. Kuna Galaxy S20 ya mtumba inauzwa na rafiki yangu, kamera yake nzuri sana. Na kuna Galaxy A16 mpya. Watu wote wananiambia nichukue S20 kwa sababu ni simu ya kikubwa. Wewe unasemaje?

#12 Mwanzisha uzi

Marahaba mdogo wangu.

S20 ilikuwa simu nzuri kweli. Ilitoka mwanzoni mwa 2020, na 2025 Samsung wakaacha kuipa masasisho ya usalama. Leo bado WhatsApp inafungua. Shida itaanzia kwenye programu za benki na za fedha, hizo ndizo za kwanza kukataa simu iliyoachwa. Hata WhatsApp wenyewe Januari 2025 waliachana na Android 4.4, na mwaka huohuo wakaachana na iPhone 6. Zamu inakuja kwa kila simu, cha kuangalia ni imebakiza muda gani.

A16 ilitoka mwishoni mwa 2024, na Samsung waliahidi miaka 6 ya masasisho. Yaani hadi 2030. Mwanzoni mwa mwaka huohuo S24 iliahidiwa miaka 7, na Google walishafanya hivyo kwa Pixel 8 mwaka 2023. Ahadi ya miaka sita kwenye simu ya bei ya chini ni jambo ambalo miaka michache nyuma hata simu ya milioni mbili haikuwa nalo. Angalia tu kwamba miaka inahesabiwa tangu modeli ilipotoka, si tangu siku utakayoinunua.

Kuna simu nyingine za bei hiyo zenye betri kubwa na kamera yenye namba nono kwenye tangazo. Sizitukani, nyingine zinadumu. Ila muulize muuzaji itapata masasisho hadi mwaka gani. Kama hana jibu, na kampuni haijaandika popote, jibu umeshalipata.

Kamera ya A16 usiku haitaifikia S20, hilo nalikubali. Lakini wewe unataka kusomea.

Kwa hiyo chukua A16. Nunua yenye 6GB ya RAM ukiipata, maana ya 4GB itakuchosha mwaka wa tatu. Dukani, kabla hujatoa hela, ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Maelezo ya programu, utazame tarehe ya sasisho la usalama, na uhakikishe IMEI ya kwenye boksi inafanana na ile utakayoiona ukipiga *#06#. Usiichaji hadi asilimia 100 kila siku. Kwenye mipangilio ya betri kuna sehemu ya kuilinda inayosimamisha chaji kwenye 80, iwashe. Na usiiweke chini ya mto ikiwa inachaji, joto ndilo linaloua betri kuliko kitu chochote.

Mgongo wake nao umegundishwa. Ikifika siku ya kubadilisha betri, mtafute fundi mwenye sahani ya moto, na ukae hapohapo mezani hadi amalize.

#13 Mdau, mwanachuo Dodoma

Asante kaka. Nimepata ya 6GB. Sasisho la usalama ni la mwezi uliopita, IMEI zinafanana. Chaji nimeiweka 80.